Mwongozo wa Programu Si Rundo la Mistari

Leo tuziweke kando habari za simu mpya na bei za bando, tuzungumze jambo ambalo sisi waandika programu hatulipendi: nyaraka. Watu husema mali bila daftari hupotea bila habari. Ni kweli, lakini daftari lenyewe likiwa halina mpangilio, mali hupotea vilevile huku daftari liko mezani.

Ninalotetea ni hili. Mwongozo wa programu usikae katika maandishi matupu, yaani ile faili ya .txt tuliyoizoea. Uhamishwe uingie katika lugha ya alama: maandishi yanayobeba ishara za kusema hiki ni kichwa, hii ni orodha, hili ni onyo, hii ni amri ya kuandika kwenye terminali. Na kwa sisi tunaotaka kompyuta izungumze Kiswahili, jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana.

Hali ilivyo huku kwetu

Huku Jomvu Kuu, kati ya mkono wa bahari na barabara kuu iendayo Nairobi, kazi nyingi zinafuata bandari. Kuna yadi za makontena, gereji za matrela, na makarani wanaoshughulikia mizigo. Nyingi ya programu wanazotumia ziliandikwa na kijana mmoja au wawili, na mwongozo wake ni faili moja ya .txt iliyowekwa pembeni ya programu.

Kuna moja ninayoitunza sasa, ya kuandika matrela yanayoingia na kutoka yadini. Mwandishi wa kwanza aliondoka zamani, akaacha mwongozo wa mistari zaidi ya elfu moja. Vichwa amevipigia mstari kwa alama za usawa. Majedwali ameyapanga kwa nafasi, safu chini ya safu. Amri amezisogeza kulia kidogo. Kwenye skrini yake, bila shaka, ulipendeza.

Lakini karani anausoma kwenye simu. Kila mstari ulikatwa kwa mkono ufikapo herufi 80, desturi iliyotoka kwenye terminali za zamani, nazo ziliirithi kutoka kadi za kutoboa za IBM za mwaka 1928. Simu haijui habari za kadi. Inakata mstari mara ya pili inapotaka, kipande kirefu, kipande kifupi, kama meno ya msumeno. Jedwali la ada za kuegesha linavurugika kiasi kwamba ada ya kontena la futi 20 inakaa chini ya futi 40. Hapo si suala la urembo tena. Karani akisoma vibaya, mwenye trela analipa asichodaiwa, au yadi inapoteza fedha.

Tena hata hayo "matupu" si matupu kama tunavyodhani. Faili iliyoandikwa kwenye Linux ilikuwa ikifunguliwa kwa Notepad ya Windows inatokea mstari mmoja mrefu usio na mwisho, kwa sababu mifumo hiyo miwili haimalizi mstari kwa ishara ileile. Notepad ilikuja kuelewa ishara ya Linux mwaka 2018 tu. Kwa hiyo anayesema .txt husomeka popote, namwomba asiharakishe.

Alama zinafanya nini hasa

Mtu anapopigia kichwa mstari, anamwambia msomaji mwenye macho kwamba hiki ni kichwa. Kompyuta haijaambiwa kitu. Kwake ni herufi zilizofuatwa na alama za usawa. Kwa hiyo haiwezi kutengeneza yaliyomo, haiwezi kuunganisha sura na sura, haiwezi kumsaidia asiyeona anayesikiliza mwongozo kwa programu ya kusoma sauti arukie sura anayoitaka. Ukiiambia waziwazi, hayo yote inayafanya yenyewe, na kutoka faili moja inatoa ukurasa wa wavuti, kitabu cha kuchapa na ukurasa wa simu.

Wala jambo hili si geni pwani. Waandishi wa tenzi kwa hati za Kiarabu walitenganisha vipande kwa alama maalumu, ili msomaji ajue kipande kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi.

Wakubwa walishapita njia hii

Linux ilianza mwaka 1991, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya nyaraka za kiini chake ilikuwa lundo la faili za matini tupu, kila mmoja akipanga kwa mtindo wake. Sehemu nyingine ilikuwa katika DocBook, lugha ya alama iliyojaa mabano ya pembe, ambayo wengi waliiogopa. Mwaka 2016, kuanzia toleo la 4.8, chini ya usimamizi wa Jonathan Corbet, walianza kuhamia reStructuredText, inayosomwa na chombo kiitwacho Sphinx. Kabla ya hapo walibishana, maana wengine walitaka AsciiDoc. Kazi ya kuhamisha ilichukua miaka, faili baada ya faili.

Sphinx yenyewe ilizaliwa kwa haja ya namna hiyo. Georg Brandl aliitengeneza kwa ajili ya nyaraka za Python, zilizokuwa katika LaTeX. LaTeX ina nguvu, lakini mtu aliyetaka kurekebisha sentensi moja alilazimika kuijua kwanza. Python 2.6 ilipotoka Oktoba 2008, nyaraka zake zilikuwa zimeshahama.

Hapo pana somo. Hawa hawakukimbilia alama nzito kuliko zote. Walichagua alama nyepesi, ambazo ukifungua faili kwenye terminali bila chombo chochote bado unasoma vizuri.

Kwa nini linatuhusu sisi Waswahili

Wengi wenu mnaikumbuka Jambo OpenOffice, tunda la mradi wa Kilinux uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, toleo la 1.1.3. Tulifungua menyu tukakuta Kiswahili. Kwa nini iliwezekana? Watu walijitolea, ndiyo, lakini pia maneno ya menyu yalikuwa yametengwa na msimbo, kila neno katika kijisehemu chake. Mtafsiri hakuhitaji kujua kuandika programu. Alipewa orodha, akaijaza.

Sasa chukua mwongozo wa .txt wa mistari elfu moja. Unautafsiri kwa wiki tatu. Mwezi ujao mwenye programu anabadilisha aya nne za Kiingereza. Zipi? Aya moja imeongezwa neno, mistari yote chini yake imesogea, na chombo cha kulinganisha kinakuonyesha mabadiliko chungu nzima. Mtafsiri wa kujitolea, mwenye kazi nyingine mchana, anakata tamaa. Tafsiri inachakaa, na msomaji wa Kiswahili anaanza kupewa maelekezo ya uongo katika lugha yake mwenyewe. Hilo ni baya kuliko kutokuwa na tafsiri.

Mwongozo ukiwa katika lugha ya alama, chombo kama Sphinx kinaugawa aya kwa aya na kutoa faili za gettext, zilezile wanazotumia watafsiri wa menyu. Aya ya asili ikibadilika, aya hiyo tu ndiyo inayowekewa alama ya shaka. Zilizobaki zinabaki salama. Mtafsiri ana kazi ya nusu saa badala ya wiki tatu.

Nikifungua folda ya tafsiri za nyaraka za kiini cha Linux, nakuta Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiitalia na Kihispania. Kiswahili sijakikuta. Sisemi kosa ni la muundo peke yake. Nasema tusijiongezee mzigo kwa kuandika miongozo yetu wenyewe katika hali isiyotafsirika.

Wanaopinga

Wapo wanaosema matini tupu hudumu. ASCII ni ya mwaka 1963 na bado inasomeka, wakati miundo mingapi imekufa? Nakubaliana nao kabisa. Ila faili ya reStructuredText au ya Markdown ni matini vilevile. Chombo kikifa kesho, maneno yako yapo, na utayatafuta kwa grep kama kawaida. Aliye hatarini ni yule aliyefungia mwongozo ndani ya faili ya Word anayoituma kwa barua pepe, toleo la tano la "mwisho kabisa".

Wengine wanasema alama zitawafukuza waandishi. Hili nalichukua kwa uzito, ndiyo maana sipendekezi DocBook kwa mradi mdogo. Markdown, aliyoitoa John Gruber mwaka 2004, hujifunzwa kwa alasiri moja. Udhaifu wake ni kuwa kila chombo kina lahaja yake, hata ikabidi watu wakae mwaka 2014 kuandika CommonMark ili wapatane. Kwa kitabu kirefu chenye marejeo mengi nachagua reStructuredText. Kwa kurasa chache, Markdown yatosha.

Kuhama si kubonyeza kitufe

Usidanganyike kwamba pandoc itakufanyia kazi yote. Pandoc ni hodari wa kutoa alama hizi na kutia zile, lakini matini tupu hayana alama za kubadilisha. Itayasoma kama Markdown na kukisia. Jina la faili lenye mistari ya chini linaweza kugeuka maandishi ya mlazo, nyota ya amri ikatoweka, na vistari viwili vya amri vikawa kistari kimoja kirefu. Karani anainakili amri hiyo, inakataa, naye anadhani programu imeharibika.

Mashine haijui kama mstari uliosogezwa kulia ni amri, nukuu au onyo. Anayejua ni mtu anayeielewa kazi. Tunazo tungo za Muyaka leo kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa alizikusanya na kumweleza W. E. Taylor maana zake na visa vyake. Kuzihamisha kutoka hati moja hadi nyingine bila maelezo hayo kungetuachia herufi tu.

Kwa hiyo fanya hivi. Soma kwanza, ufute yaliyopitwa na wakati, maana hakuna faida ya kupamba maelezo ya kitufe kilichoondolewa. Kisha weka alama za vichwa tu, na uishie hapo siku hiyo. Siku ya pili, kila amri iwekee alama ya amri. Majedwali yafuate, moja moja, huku ukilinganisha na programu yenyewe. Vunja faili kubwa kuwa sura. Kila hatua iweke kwenye git peke yake, ili ukiharibu urudi nyuma. Mwisho kabisa ndipo uanze kutafuta rangi na mapambo.

Mwongozo wa yadi ninaousema una sura kumi na mbili. Nimeanza na jedwali la ada, kwa sababu ndilo linalogusa mifuko ya watu. Wewe wa kwako una sura ipi ambayo mtu akiisoma vibaya atapata hasara? Anzia hapo.