Huruma ya Mbali

Wako waandishi wa historia ambao, wakifikia vita vya uhuru wa Wagiriki vilivyoanza mwaka 1821, huwavika Wamarekani kilemba cha ukoka. Tazameni, husema, taifa lililokwisha kujikomboa likimsaidia mwenziwe aliye chini ya nira ya Sultani wa Uturuki!

Sikatai kwamba msaada ulitolewa. Mbunge Daniel Webster alipopendekeza, Desemba 1823, kwamba Serikali ijiandae kutuma mjumbe Ugiriki, Bunge halikupitisha. Wananchi hawakungoja Bunge. Katika miji kama New York, Boston na Philadelphia walifanya mikutano na kuchanga fedha. Mwaka 1827 na 1828 wakapeleka meli za vyakula na nguo kwa Wagiriki waliokuwa wakifa njaa. Daktari Samuel Gridley Howe alivuka bahari mwenyewe, akawatibu majeruhi. Huo ni utu, na anayeubeza hana haki.

Lakini ugeuze ukurasa, msomaji. Nchi hiyohiyo, kwa hesabu ya watu ya mwaka 1820, ilikuwa na watumwa zaidi ya milioni moja na nusu. Mwaka 1829 David Walker, Mtu Mweusi huru aliyeishi Boston, alichapisha kijitabu akieleza alichokisoma katika gazeti la South Carolina. Gazeti hilo liliwalaani Waturuki kuwa ni washenzi kuliko watu wote, kwa kuwa waliwatendea Wagiriki kama wanyama. Na ndani ya gazeti lilelile palikuwa na tangazo la mnada: wanaume Weusi wanane na wanawake wanne wauzwe siku hiyo kwa atakayetoa bei ya juu.

Nyani haoni kundule!

Mtetezi atanijibu kwamba tusiwahukumu watu wa kale kwa mizani ya leo. Mizani ipi ya leo? Walker aliishi zama hizohizo, akaona. Na Haiti je, nchi ya watumwa waliojikomboa na kutangaza uhuru mwaka 1804? Marekani iliitambua Ugiriki mwaka 1837. Haiti, iliyotangulia kwa miaka mingi, ikasubiri hadi mwaka 1862. Hapo kosa halikuwa kutojua thamani ya uhuru. Waliijua sana, ila waliipima kwa rangi ya ngozi.

Kumhurumia wa mbali ni kwepesi, kwani hakudai shamba lako wala ujira wa jasho lake. Wa karibu ndiye anayekugharimu. Howe alilielewa hilo: aliporudi kwao, baadaye alijiunga na waliopigana kuufuta utumwa. Huyo mpeni sifa kamili. Wengine wapeni sifa ya unga na nguo walizotuma, lakini msiwaite wapenda uhuru. Mpenda uhuru huanza kwa kumfungua aliyemfunga yeye mwenyewe.