Umeme wa Ethiopia wa nini, wakati mabati ya Unga Limited yanaungua na jua?

Makamanda, Machi 2025 Rais Samia akiwa Kilimanjaro alitangaza kwamba serikali itanunua umeme kutoka Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Sababu? Eti umeme wa Bwawa la Nyerere ukitoka Rufiji mpaka ufike huku, mwingi unapotea njiani. Sawa, sibishani na fizikia, waya mrefu unakula umeme. Lakini hivi, Ethiopia na Arusha ni majirani? Laini ya Ethiopia mpaka Suswa, Kenya, peke yake ina zaidi ya kilomita 1,000, na hapo bado hujaiona Namanga. Watatuambia laini ile ni ya kisasa, inapoteza kidogo. Haya. Mbona kuna laini fupi kuliko zote na hakuna anayeitaja: kutoka juu ya bati la karakana mpaka kwenye mashine iliyo chini yake!

Piteni Unga Limited mchana. Mashine za kusaga, mafundi mageti, maseremala, wote wanapiga kazi saa zilezile jua linapowaka. Mwenye karakana aliye daraja la T1 anatozwa shilingi 292 kwa uniti. Kodi na tozo zikiingia, LUKU inamkata kama 356. Sasa tupige hesabu. Paneli za kilowati 10 zinataka bati la mita za mraba 50 hivi. Kwa jua letu kilowati moja inatoa kama uniti 4 kwa siku, kwa hiyo uniti 40, zaidi ya shilingi 14,000 ambazo fundi anabaki nazo kila siku ya kazi. (Julai Arusha ikijifunika mawingu zitapungua, sidanganyi mtu.) Na msikubali kupigwa na wauzaji: mfumo wa kuungwa na gridi usio na betri unazima TANESCO wakikata, ili fundi aliye juu ya nguzo asipigwe shoti. Anayetaka kuokoka na mgao kama ule wa mwishoni mwa 2023 lazima aongeze betri, na betri ni hela.

Hela ndipo penyewe. Benki inataka hati ya kiwanja. Fundi aliyepanga SIDO atoe wapi hati? Paa lenyewe si lake. Ni la nani sasa? SIDO ni shirika la umma tangu 1973. Yaani serikali ina mabati yake, juu ya vichwa vya wapangaji wake, halafu inaenda kutafuta umeme nchi ya tatu! Ifunge paneli pale, imuuzie fundi uniti kwa bei chini ya LUKU, ijirudishie gharama zake taratibu. Na aliye nje ya SIDO akopeshwe kwa dhamana ya paneli zenyewe.

Wapo chawa wanaosema TANESCO itakosa mapato. Jamani, bwawa ni betri. Mchana viwanda vikila jua, maji ya Rufiji yanabaki pale pale yakisubiri saa moja jioni, watu wote wanapowasha taa na pasi. Megawati 2,115 tulizojengewa kwa kodi zetu hazipungui hata moja.

Swali la Jumapili ndilo linalonikera zaidi. Karakana imefungwa, jua linawaka, umeme uende wapi? Kenya walitoa kanuni 2024: ukiingiza uniti kwenye gridi, unarudishiwa nusu kama salio. Nusu ni uchoyo, nakubali, lakini mwenye kiwanda anajua anachopata kabla hajakopa. Strathmore, chuo kikuu cha Nairobi, kilifunga kilowati 600 juu ya mapaa yake tangu 2014. Na kwetu? Nani kati yenu amewahi kuona karakana ya Unga Limited yenye mita inayosoma pande mbili? Nitumieni picha, nitaiweka hapa hapa.

Mbunge akija kuomba makofi kwa ajili ya umeme wa Ethiopia, msimzomee. Muulizeni mambo matatu tu: uniti itatua Arusha kwa shilingi ngapi, mapaa ya SIDO yatafungwa paneli lini, na mita ya pande mbili fundi akaiombe dirisha gani. Rekodini majibu.