Zimwi la kitabuni lina jalada la kufunga

Hapa Milimani, Kisumu, vitabu vya hadithi wanavyonunuliwa watoto wetu vimejaa fisi wanaotabasamu. Hata zimwi limechorwa kama mjomba mnene. Sisi tuliokulia Pwani zimwi letu lilikuwa na meno ya msumeno. Ukurasa wake tuliufunika kwa kiganja, kisha tukakiondoa polepole.

Marekani wameyapitia haya. Mwaka 1981 Alvin Schwartz alitoa Scary Stories to Tell in the Dark, kwa michoro ya kutisha ya Stephen Gammell. Miaka ya 1990 vitabu hivyo viliongoza orodha ya Chama cha Maktaba cha Marekani ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi. Baadaye mchapishaji akaweka michoro ya upole. Waliokua na ile ya zamani wakapiga kelele, na mwaka 2017 michoro ya Gammell ikarudi.

Sitetei kila picha. Mtoto wa miaka minne asitishwe. Lakini tukifukuza zimwi vitabuni, hofu haiondoki. Inahamia kwenye simu, ambako mtoto huitazama peke yake usiku, na video moja huvuta nyingine. Kitabu hufungwa, na kando yake kuna mtu mzima wa kuulizwa.

Karibu na Kendu Bay kuna ziwa la Simbi Nyaima. Wazee husimulia kuwa hapo palikuwa kijiji, kikazama kwa kumfukuza bibi kizee mgeni. Wachoraji wetu, mchoreni bibi yule, na maji yakipanda. Mtoto akiogopa, atajua pia kwa nini mgeni hafukuzwi.