Soda na Tisheti Si Malipo

Tuko Dzaleka. Leo tunaandika kuhusu muziki, na tunajua kuna watakaosema: kambi ina njaa, mgao umepungua, nyinyi mnatuletea mambo ya muziki? Ndiyo, tunayaleta. Someni mpaka mwisho, halafu mtutukane.

Sisi ni mashabiki wa siku nyingi. Mwaka 2014, Tamasha la Tumaini lilipoanza hapa kambini, wengi wetu tulikuwa bado shule ya msingi. Lilianzishwa na mkimbizi mwenzetu, mshairi wa Kongo, Menes La Plume, na kuingia ni bure. Tulisukumana mpaka mbele, vumbi mdomoni, tukaona kitu ambacho hatukuwahi kukiona: Wamalawi wanatoka Lilongwe kwa hiari yao, wanacheza bega kwa bega na sisi. Kabla ya hapo, mtu wa mjini tulizoea kumwona akishuka kwenye gari la ofisi, karatasi mkononi.

Tangu siku ile hatujaacha. Tumelowa na mvua za Novemba. Tumeona jenereta likizima katikati ya wimbo, na watu wakaendelea kuimba bila spika. Mwaka 2020 korona ilipofunga mikusanyiko, ndipo tulipojua kambi ikinyamaza inakuwaje. Mwaka 2023, wenzetu waliokuwa wanaishi mijini waliporudishwa kambini kwa lazima, wengine walifika na begi moja tu. Jioni moja, kijana mmoja kati yao aliazima gita la kanisa akapiga rumba nje ya hema. Kulikuwa na mama ambaye siku tatu nzima hakuongea na mtu. Jioni ile alisogeza kiti chake karibu.

Kwa hiyo msituambie muziki ni anasa. Hata kwa hesabu ya tumbo, muziki unalisha. Siku za tamasha, wauza mandazi na chipsi hawapumziki, na wageni wanalala kwenye nyumba za wakimbizi na kulipa. Waulizeni wamama wanaowapokea.

Lakini kuna jambo limetukaa kooni. Kwenye sherehe moja ya Siku ya Wakimbizi, 20 Juni, mwenye hema alilipwa. Mwenye spika alilipwa. Dereva, mafuta ya jenereta, mpiga picha, wote walilipwa. Wasanii, ambao ndio watu waliwafuata pale, waliimba saa mbili juani wakapewa soda, biskuti na tisheti yenye jina la mradi. Tunajua, kwa sababu sisi wa kujitolea ndio tulioshika orodha. Tuliwaandika "washiriki". Mshiriki anapewa soda, mtoa huduma ndiye analipwa. Neno moja tu kwenye karatasi, na mazoezi ya miezi mitatu yakageuka burudani ya bure.

Tena waliambiwa waimbe nini: kunawa mikono, kuishi kwa amani, kusoma. Nyimbo nzuri, hatukatai. Ila wimbo wa mapenzi ulikatwa, eti hauna ujumbe. Jamani, mkimbizi hapendi? Mkimbizi haachwi na mchumba?

Mtatujibu: sheria ya nchi haimruhusu mkimbizi kuajiriwa hivi hivi. Sawa. Mbona sisi wa kujitolea tunapata posho yetu na hakuna aliyekamatwa? Mtatujibu: bajeti haina mstari wa wasanii. Na mstari wa tisheti ulitoka wapi? Mtatujibu: tunawapa jukwaa ili wajulikane. Kujulikana hakununui unga. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, tukashangilia wote. Huku kambini anayeipiga rumba hiyo hiyo bado anapanga foleni ya biskuti.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hapa kwetu, mcheza kwao hupigwa picha.

Na sisi mashabiki tusijifiche nyuma ya mashirika. Mwenzetu akikodi ukumbi aweke onyesho lake, kiingilio kwacha mia tano, tunabishana mlangoni: "Masta, si tunajuana?" Halafu Jumamosi tunaenda kwenye kibanda cha video kuangalia mpira wa Uingereza, tunalipa bila kelele. Mchezaji wa Arsenal hatujui, hatujali, na tunalipa. Kijana tuliyekua naye kwenye foleni moja ya maji, ambaye anaimba maisha yetu kwa lugha yetu, huyo tunamwomba bure. Nyimbo zake tunarushiana kwa Bluetooth simu kwa simu, halafu tunashangaa akiacha muziki akaenda kufyatua matofali. Wangapi tumewapoteza hivyo?

Basi tunasema mambo matatu. Mashirika: mkiandika mradi wenye sherehe ndani yake, mwandikeni msanii kwenye bajeti kabla ya tisheti, na mumwachie angalau wimbo mmoja achague mwenyewe. Mashabiki: onyesho la mwenzetu tulipe kiingilio, hata kama tulinyoa naye kipara kimoja utotoni. Wasanii: semeni bei yenu kabla ya kupanda jukwaani. Siyo dharau, ni kazi.

Na sisi wa kujitolea tunaanza na kosa letu wenyewe. Orodha ijayo ikija mikononi mwetu, mwanamuziki hatutamwandika tena mshiriki. Tutaandika mtoa huduma. Kama kuna bosi ataona neno hilo ni baya, alifute yeye mwenyewe kwa kalamu yake, mbele ya huyo aliyeimba.