Usiache Mbachao kwa Msala Upitao: Tarakilishi Kuukuu na Deni la Wanakiswahili

Wahenga walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Onyo hilo lina uzito mpya leo. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilifikisha kikomo huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021, nayo haizikubali rasmi prosesa nyingi zilizotoka kabla ya mwaka 2017. Kwa tangazo hilo tarakilishi nyingi zenye afya zilihesabiwa kuwa maiti, hali zingali zinapumua.

Tuutazame mji wa Sondu, ulioko mpakani mwa Kaunti za Kisumu na Kericho. Katika soko lake Mjaluo na Mkipsigis hupatana bei kwa Kiswahili. Katika mji wa namna hii, tarakilishi ya mezani ndiyo jembe la mwenye kibanda cha kupiga chapa na kutoa nakala: kwayo huandikwa barua za kuomba kazi, hujazwa fomu za serikali, na huchapwa mitihani ya shule. Jembe hilo likianza kusuasua, mwenyewe huambiwa neno moja tu: nunua jingine. Ni nadra kuelezwa kwamba prosesa, ambayo vitabuni huitwa kichakataji, huweza kung'olewa na nyingine yenye nguvu zaidi ikapachikwa mahali pake.

Kazi yenyewe si uganga. Fundi huzima mashine, huchomoa waya wa umeme, hugusa chuma kisichopakwa rangi ili umemetuli umtoke mwilini, kisha huondoa feni na bamba la kupozea joto. Hufungua kabari ya soketi, huinua prosesa ya zamani, na huiweka mpya akifuata alama iliyo pembeni, bila kuisukuma kwa nguvu. Mwisho hupaka urojo kidogo wa kupitisha joto na kurudisha feni. Mikono mitulivu ni lazima, kwa kuwa tangu mwaka 2004 Intel ilianza kuziweka pini kwenye soketi badala ya kwenye prosesa za mezani. Pini moja ikipinda, madabodi nzima huweza kuharibika.

Ugumu hasa uko katika kuchagua. Soketi iitwayo LGA775 iliwahi kubeba Pentium 4 na baadaye Core 2 Duo, lakini si kila madabodi yenye soketi hiyo inayoweza kuziendesha zote mbili. Vivyo hivyo, prosesa za Intel za kizazi cha sita na za kizazi cha nane zina idadi moja ya pini, 1151, ilhali madabodi zilizotengenezewa kizazi cha sita hazikukusudiwa kupokea kizazi cha nane. Mwanafunzi wa isimu hatashangaa. Neno “paa” la nyumba na “paa” wa porini yana umbo moja, na anayetegemea umbo peke yake hupotea. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha ni sharti kusoma jina la madabodi, kuangalia orodha ya prosesa inazozikubali, na kuhakikisha kwamba programu ya kuwashia mashine, yaani bayosi, imesasishwa.

Ipo hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito. Mara nyingi kinachoichelewesha mashine kuukuu si prosesa, bali uchache wa kumbukumbu au diski ya zamani inayozunguka. Kuongeza kumbukumbu na kuweka diski isiyozunguka huweza kuleta nafuu kubwa zaidi kwa gharama ndogo. Aidha, prosesa mpya haitaifanya kila mashine ikubaliwe na Windows 11. Mara nyingine njia ni kuhamia Linux. Hata hivyo, hoja hizi hazitetei kutupa. Zinatetea kupima kabla ya kutupa. Nao umeme una neno lake: baadhi ya Pentium 4 za mwaka 2004 zilikadiriwa kufikia wati 115, ilhali Core 2 Duo nyingi za mwaka 2006 zilikadiriwa wati 65. Prosesa bora yaweza kufanya kazi zaidi kwa joto dogo zaidi.

Hapa ndipo deni la wanakiswahili linapojitokeza. Maelezo yote yaliyotangulia yamewezekana kwa Kiswahili, lakini mwenye kibanda wa Sondu atayasoma wapi? Wataalamu wamefanya kazi ya kuheshimika. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia, na mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Lakini mijadala mingi imeishia katika kugombania majina: tarakilishi au kompyuta, kichakataji au prosesa. Neno halikomai katika orodha. Hukomaa katika sentensi inayomfaa mtu. Mnunuzi asiyemudu Kiingereza akiuziwa prosesa isiyoingia katika soketi yake, hasara hiyo ni ya fedha taslimu, na istilahi mia zilizolala kabatini hazitamrudishia hata shilingi.

Basi idara za Kiswahili, ikiwemo ile ya Chuo Kikuu cha Maseno kilicho katika kaunti hiyohiyo ya Kisumu, zingefaa kuwatuma wanafunzi wao wakaketi na mafundi, wayasikilize maneno yao, kisha waandike vijitabu vya kurasa chache vyenye michoro. Vijitabu hivyo vipewe alama kama tasnifu zinavyopewa.

Mto Sondu wenyewe ni mwalimu. Maji yake huzungusha mitambo ya Sondu-Miriu na kutoa megawati 60. Yakishatoka hapo hayaitwi maji yaliyochakaa. Hupelekwa Sang'oro yakazalisha megawati 21 nyingine. Waliojenga hapo walijua kupima nguvu iliyosalia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wanakiswahili wakitaka lugha yao iwe ya sayansi, wainame pamoja na fundi penye mashine iliyofunguliwa.