Tshangalele: Kisiki Kabla ya Mche

Ziwa Tshangalele, karibu na Likasi huko Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lilitokana na bwawa la Mwadingusha, lililojengwa katika mto Lufira miaka ya 1920 ili kampuni ya madini ya Union Minière ipate umeme. Mwaka 1982 UNESCO iliitambua Lufira kuwa hifadhi ya bayosfia. Misitu ya miombo ya eneo hilo imeendelea kukatwa kwa ajili ya mkaa na mashamba, na udongo uliokosa mizizi ya kuushika husombwa na mvua. Kupanda miti kwa kujitolea ni dawa inayokubalika upesi, maana Wakongo wanaijua salongo, kazi ya pamoja kwa ajili ya jamii, tangu zama za Rais Mobutu. Linalohitaji kupimwa ni mahali pa kuielekeza nguvu hiyo.

Mvua za Katanga huanza takriban Novemba na kwisha Aprili. Mche uliopandwa Desemba hukabili kiangazi cha karibu nusu mwaka, pamoja na mbuzi na moto wa nyika. Watu mia moja hupatikana asubuhi ya kupanda. Wa kumwagilia Julai ndio adimu. Green Belt Movement ya Wangari Maathai, iliyoanza Kenya mwaka 1977, iliziba pengo hilo kwa kuwalipa wanawake fedha kidogo kwa kila mche uliopona.

Miombo ina njia rahisi zaidi. Visiki vyake huchipua vyenyewe, na machipukizi, yakilishwa na mizizi iliyokomaa, huupita kwa mbali mche wa kitaluni. Adui wake mkubwa ni moto wa mwisho wa kiangazi. Kwa hiyo wanaojitolea wangefaa zaidi Mei na Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu: kufyeka njia za kuzuia moto, kuchoma mapema kwa uangalifu, na kupunguza machipukizi ili machache yanenepe. Ni kazi isiyo na sherehe wala picha za wageni rasmi, na pengine ndiyo maana haipendwi.

Upandaji ubaki kwa miti ya mkaa tu, kama mradi wa EcoMakala wa shirika la WWF ulivyofanya na wakulima kandokando ya hifadhi ya Virunga kuanzia 2007. Wakulima hao walipanda katika ardhi yao wenyewe, na hapo ndipo penye uzito: haki ya ardhi. Amri ya serikali ya Kongo ya Agosti 2014 inairuhusu jamii kuomba msitu wake, hadi hekta 50,000. Kijiji kisicho na haki hiyo hulinda miti ambayo mwingine anaweza kuiuza. Waandaaji wa mradi wowote wa miti Tshangalele washughulikie haki hiyo kabla ya kuagiza mche hata mmoja.