Mkalimani Hospitalini ni Haki ya Mgonjwa

Mhariri Mtukufu,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalowataabisha wasemao Kiswahili waliohamia Marekani, hasa wakimbizi wa Kongo, ambao wafikapo kwa tabibu bila ya kujua Kiingereza, wengi wao huwategemea watoto wao wawafasirie.

Hapana shaka mtoto hufanya hivyo kwa mapenzi; lakini ni dhuluma kumtwika kijana mdogo kazi ya kumpasha mamaye habari ya saratani, au kumuuliza mambo ya uzazi ambayo staha haimruhusu kuyataja, na mama naye, kwa kuona haya, akaificha dalili ambayo tabibu aliihitaji.

Mkalimani aliyefunzwa huyafasiri yote yasemwayo bila ya kuzidisha wala kupunguza, na siri ya mgonjwa kwake ni amana. Wala hiyo si hisani: Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 yazikataza hospitali zipokeazo fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na kanuni zilizotokana na sheria ya afya ya mwaka 2010 zakataza kumtegemea mtoto kufasiri, isipokuwa katika dharura; tena mgonjwa hatozwi kitu.

Basi nawasihi ndugu zangu waombe mkalimani tangu wanapoweka miadi, na watokao Kongo wabainishe kuwa Kiswahili chao ni cha huko, ili wapewe mkalimani akielewaye. Na wakuu wa hospitali nao wasingoje kuombwa ndipo watimize wajibu wao.

Wako mtiifu,
Msomaji